Ndiva Isiyojaa

Kaeni karibu, ila ndugu na ndugu wasikae pamoja, maana hadithi hii imewahi kugombanisha watu waliokula sahani moja. Mimi nasimulia tu. Kuamua ni kazi yenu, na mwishoni msinitazame mimi.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Kwamvumo, waliishi watu watatu wenye vipaji. Hawakupatana hata kidogo.

Wa kwanza ni Nakijwa, mwanamke aliyeyajua maji. Aliweza kusimama kwenye mteremko mkavu, jua linawaka, akakuonyesha kwa kidole: mvua ikinyesha maji yatapita hapa, yatapinda pale, yatakutana na mengine kwenye lile jiwe. Na ndivyo yalivyofanya. Watu walimheshimu kwa hilo lakini hawakumpenda, kwa sababu alisema hata pale ambapo hakuulizwa.

Wa pili ni Mchome, fundi wa mawe. Hakutumia saruji. Aliliokota jiwe, akaligeuza mara mbili, akaliweka, nalo likakaa hapo mpaka wajukuu. Aliwahi kuwa mume wa Nakijwa kwa miaka tisa. Waliachana vibaya, na tangu siku hiyo akimwona anakuja anabadili njia. Kasoro yake ni kwamba hakumweleza mtu kazi yake. Ukimuuliza alijibu, "Ungekuwa unajua usingeuliza."

Wa tatu ni Senzia, kaka yake Nakijwa, mfungaji wa ndiva. Kwa wageni niseme: ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia. Jioni linazibwa lijae, asubuhi linazibuliwa, maji yaende mashambani kwa zamu. Miaka ishirini Senzia hakusahau jioni hata moja, awe na homa, awe na msiba. Lakini huyu huyu ndiye aliyechukua shamba lote la baba yao. Dada yake aliporudi kutoka kwa Mchome, alimwambia kwamba mwanamke aliyeachika hurudi na nguo zake, harudi kudai mpaka. Nakijwa akapanga chumba kwa watu.

Sasa chini kabisa ya kijiji, ukingoni mwa korongo, palikuwa na nyumba ya Bibi Namsifu. Korongo lenyewe wakati wa kiangazi kuku wanavuka. Lakini mvua kubwa ikipiga mlimani, maji ya mabonde yote yalifika kwake kwa mpigo mmoja. Mara ya kwanza yalichukua jiko. Mara ya pili yakabomoa chumba cha nyuma. Mara ya tatu yalimchukua mumewe, aliyekuwa amerudi kuwafungua mbuzi.

Bibi hakuwa na mtoto, na hakutaka kuhama kaburi la mumewe. Alikuwa na shamba moja zuri la tangawizi huko kwenye tambarare. Matanga yalipoisha alisimama mbele ya watu akasema, "Atakayelifanya korongo hili lipite bila kuingia ndani kwangu, nitampa shamba langu." Alisema atakaye. Hakusema watakao, na neno hilo ndilo lililoleta balaa lote mtakalosikia.

Nakijwa alikwenda kwake siku ya pili.

"Bibi, korongo halizuiwi," alimwambia. "Ukilizuia litabomoa, litakuja kwako na ukuta wake. Tulicheleweshe tu. Tujenge kuta tatu ndogo huko juu, kila moja na tundu chini. Mvua kubwa ikija, maji yasubiri nyuma ya ukuta, yatoke kidogo kidogo. Yatakufikia yote, ila hayatakufikia pamoja."

"Kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba," bibi alisema.

"Ndiyo hivyo. Na mvua ikiisha, kuta zibaki tupu, zisubiri nyingine."

Alipanda, akachagua mahali. Kuta mbili zilikaa kwenye majabali yasiyo na mwenyewe. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, aliiweka katikati ya maharage ya kaka yake. Alifurahi, na mwenyewe hakuficha. Lakini ukitazama mteremko ule, hapakuwa na mahali pengine ambapo mabonde yote yalikutana.

Kilichobaki ni mikono. Nakijwa aliitisha msaragambo, ile kazi yetu ya kijiji, akaeleza kwamba wanajenga ukuta usiojaza maji. Hakuja mtu. Nani aache palizi yake akajenge kitu kisichojaa? Juma lililofuata akatangaza upya, safari hii kwa maneno matatu tu: "Njooni tujenge ndiva." Wakaja wote, na majembe, na uji.

Senzia naye aliposikia ndiva alilegea. Shamba la maharage lingeharibika, kweli, lakini bila ardhi yake ukuta usingekuwepo, na tangawizi ya bibi ilikuwa inamwita. "Jengeni," alisema. "Ila ijulikane nakubali kwa faida yangu."

Mchome, aliyelitaka shamba hilo hilo, akajenga. Kuta zote tatu alizipanga jiwe juu ya jiwe, zikasimama, na kila moja akaiachia tundu la kupitisha ndoo. Wanakijiji walimuuliza tundu la nini. Mnajua alivyowajibu.

Mvua za kwanza zilikuwa ndogo. Jioni Senzia alipita shambani kwake akakuta ndiva inavuja, maji yanakwenda bure. Angefanya nini mtu wa miaka ishirini? Alichukua kigogo, akakifunga kwa magome ya mgomba, akakikandika udongo, akakisukuma tunduni kama baba yake alivyomfundisha. Asubuhi hakukizibua, kwa sababu shamba lililonyeshewa halihitaji maji. Ndiva ikijaa, alijiambia, si ndiyo imeyazuia maji yenyewe? Siku ya nne ilijaa mpaka juu. Watu walikuja kuitazama wakampongeza.

Siku ya tano, mchana, mlima ulifunga wingu jeusi. Nakijwa alikuwa anapita chini ya ukuta akaona korongo limekauka, wakati ilikuwa imenyesha siku nne. Akapanda mbio. Kaka yake alikuwa amesimama pembeni ya bwawa lake, amejaa raha. Ndugu hawa walikuwa hawajasemeshana miaka mitatu. Kwa bahati palikuwa na mbuzi amefungwa hapo.

"We mbuzi," Nakijwa alisema, "mwambie mwenye shamba anamuua yule bibi."

"Mbuzi," Senzia alijibu, "mwulize huyo mama, ndiva isiyojaa inaitwa nini."

"Mwambie hii si ndiva. Huu ukuta kazi yake ni kuwa mtupu. Ukijaa sasa, mvua inayokuja itakaa wapi?"

"Basi mwulize nani alitutangazia ndiva."

Uongo wake mwenyewe ukamchoma Nakijwa.

Mchome alikuwa amefika kukagua mawe yake. Alisikia yote, akatazama maji yalivyogusa safu ya juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaeleza kazi yake. "Ukuta huu ni wa kubeba maji saa chache. Haukujengwa ulale na bwawa. Mzigo mwingine ukiongezeka, mawe haya yatashuka mpaka kitandani kwa bibi. Na kizibo kisiguswe kwa upande wa chini, maji yatamfagia mtu pamoja nacho."

"Kiguswe wapi?" Senzia aliuliza.

"Ndani ya maji. Na aingie aliyekitia."

Senzia alivua shati akaingia, maji kifuani. Mchome alipanda juu ya ukuta akamwelekeza jiwe la kukanyaga na jiwe la kutogusa, akimtukana kila neno la tatu. Nakijwa alisimama mahali pa juu akatazama mlima. "Imeanza kunyesha juu. Bado hayajafika. Bado. Yamefika kwenye jabali, fanya haraka." Kizibo kikatoka kwa kishindo, kikauvuta mkono wa Senzia kwenye mawe na kusaga vidole viwili. Alipanda ukingoni bila vidole hivyo, na hakuna aliyempa pole.

Bwawa lilishuka. Lilikuwa limebaki robo maji ya mlimani yalipofika, yakajaa nyuma ya kuta zote tatu na kusubiri. Mvua ya saa moja ilitoka matunduni mpaka siku ya pili. Kwa Bibi Namsifu korongo lilipanda mpaka kwenye ngazi ya mlango, likakaa hapo, likarudi.

Mlidhani watashikana mikono? Siku ya tatu walikuwa uani kwa bibi, wanapigizana kelele.

"Bila macho yangu," alisema Nakijwa, "mngejenga ukuta mahali ambapo maji hayapiti. Mimi sina hata pa kupanda mchicha. Shamba ni langu."

"Bila mikono yangu," alisema Mchome, "macho yake yangekuwa maneno. Na ukuta wangu ulibeba mzigo ambao sikuambiwa utaubeba, kwa sababu ya mdomo wake na ujinga wa kaka yake. Shamba ni langu."

"Bila ardhi yangu usingekuwepo ukuta," alisema Senzia, akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Na bila vidole hivi ungekuwa umeshazikwa, bibi. Niliziba, nimekubali. Aliyenidanganya ni nani? Na aliyeacha tundu bila kusema ni nani? Shamba ni langu."

Jirani mmoja akashauri ligawanywe mara tatu. Wote watatu walimgeukia kwa pamoja. Nakijwa alisema hatapakana na mtu aliyemnyima mpaka wa baba yake. Mchome alisema alishamtaliki mara moja, hatamtaliki tena kwenye tangawizi. Senzia alisema bibi alitamka atakaye, na mtu mzima hali matapishi yake.

Bibi Namsifu aliwatazama. "Nyuma ya kuta kumejaa mchanga," alisema polepole. "Matundu yameanza kuziba. Mawe ya juu yamelegea. Nikimpa mmoja, wawili mtapanda tena?"

"Mimi sitaonyesha kitu," alisema Nakijwa.

"Mimi sitagusa jiwe," alisema Mchome.

"Mimi nitalima maharage yangu," alisema Senzia, "na ukuta utoke."

Na hakuna aliyekuwa anamtania.

Hapo ndipo nilipofika. Bibi amekaa mlangoni, watu watatu wamesimama uani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na masika makubwa yamebakiza siku kumi. Je, wewe uliyenyamaza hapo nyuma, ungempa nani? Taja jina moja. Kisha utafute jembe lako uanze kupanda mlima, maana wale wawili uliowanyima hawatapanda tena, na yule bibi bado analala pale pale.