Mkono wa Upande wa Pili

Mvua yaja!
— Na ije, sisi tumo ndani.
Na nje yuko nani?
— Tuambie wewe!

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, mvua ya masika ilimkuta Mashavu akiikandika nyumba yake peke yake. Paa lilikuwa tayari, fito zimefungwa, ila kuta zilikuwa wazi kama tenga. Asipozikandika kabla ya giza, mvua ingelala naye kitandani.

Sasa sikilizeni. Ukuta wa udongo hukandikwa na wawili, mmoja ndani, mmoja nje, mikono ikikutana kwenye fito. Mashavu hakuwa na wa nje. Kuku wake walikula mtama wa jirani yake, Bi Kibibi, majirani hao wakatukanana, na Mashavu akaapa kwamba hatamwita mtu kumsaidia.

Akabandika donge la kwanza, likatokea nje, pwaa! La pili, pwaa! La tatu, pwaa! Mvua ikayachukua yote.

Huko nje sauti ikacheka. "Wee wa ndani! Unajenga nyumba, au unailisha mvua udongo?"

"Nani wewe?"

"Wa nje. Sukuma, nami nisukume."

Akasukuma, akasukumwa. Donge likashika.

"Wa nje, mbona uko peke yako kwenye mvua?"

"Nimezeeka, wenzangu wamehama. Nawe, wa ndani?"

"Kuku wangu walikula mtama wa watu."

"Kuku tu? Haya, sukuma, nami nisukume."

Ukuta ukapanda. Kadiri ulivyopanda, sauti ikafifia. Likabaki tundu la kiganja, na hapo Mashavu akauona mkono: mweusi, una manyoya, umelowa kwa mvua. Mkono wa nyani!

"Wa ndani," nyani akauliza, "humo mna moto?"

Mashavu akaogopa. Akasukuma donge la mwisho. Na kule nje, nyani naye akalisukuma. Likashika.

Mashavu akakaa na moto wake.

"Wa nje!" akaita. "Wa nje! Wa nje!"

Mvua tu.

Kulipokucha akatoka. Ukuta ulijaa alama za viganja, na nyayo zilielekea porini. "Karibu," akasema, lakini wa kukaribishwa hakuwepo.

Mara akasikia kwa jirani: pwaa! Ukuta wa Bi Kibibi ulikuwa umeanguka usiku, naye alikuwa ndani akibandika udongo peke yake. Mashavu akaenda, akachota udongo, akasimama nje ya fito.

"Wa ndani!"

"Nani huyo?"

"Mwenye kuku. Sukuma, nami nisukume."

Hadithi yangu imeshika ukutani. Funzo lake ni hili: anayekusaidia kujenga, mkaribishe kabla hujaziba tundu. Nawe uliyejibanza mlangoni, ingia uote moto. Ila kwanza tuoneshe mkono.