Ree Ndani ya Shati

Nyinyi mliokaa nyuma, acheni kusinzia. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini mfano huu msipousikiliza mtakuja kuniomba niurudie, na mimi sirudii.

Palikuwa na kijana mmoja mcheza kamari. Mtanashati, mdomo mtamu, na karata zilimtii kama watoto wanaomwogopa baba. Siku moja akapeleka shati lake jeupe kwa fundi cherehani, mwanamke mjane.

"Fundi, nitilie kimfuko ndani ya mkono, hapa karibu na kiganja."

"Cha nini?"

"Cha leso."

"Leso nyembamba hivyo? Unampangusia nani makamasi, sisimizi?"

Lakini akashona. Alijua. Baba yake alicheza karata mpaka milango ya nyumba ikauzwa.

Sasa mapenzi, wapendwa, hayabishi hodi. Kijana akaanza kuleta nguo zisizo na shida. Leo pindo, kesho kifungo, na kifungo chenyewe kakinyofoa kwa meno yake! Mnacheka nini? Kaka zangu wa kwaya, si ndiyo zenu hizo?

Mwisho akasema, "Fundi, nataka kukuoa."

Mwanamke akasimamisha cherehani. "Mcheza kamari aombe kwa kamari. Kila mmoja avute karata moja. Yako ikiwa kubwa, nakuwa mkeo. Yangu ikiwa kubwa, usikanyage tena hapa."

Na siku ile kijana alivaa shati gani? Lile lile. Ndani ya kimfuko mlikuwa na ree, karata inayozipiga zote. Wewe ungefanyaje? Usijibu, uso wako umeshajibu.

Mwanamke akavuta nane. Kijana akavuta tano.

Akaitazama ile tano. Vidole vikasogea kwenye mkono wa shati, vikasita, vikarudi. Akaiweka mezani, akainuka.

"Nimeshindwa, fundi. Baki salama."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia, "Na hiyo iliyomo kwenye shati?"

Kijana akageuka. "Ipo."

"Mbona hukuitoa?"

"Wale wengine nilitaka pesa zao. Wewe nilitaka unitake."

Mwanamke akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Karata ziache hapa hapa. Kesho lete mshenga. Na asiwe mmoja wa wenzako wa kamari, mama yangu atamkimbiza na mwiko."

Sasa tuje kwetu sisi. Bwana wetu pale msalabani walimcheka: shuka basi! Majeshi ya malaika yalingoja neno lake moja. Hakulisema. Akakubali aonekane ameshindwa, maana hakutaka kutukamata kwa nguvu, alitaka tumpende. Na sisi je? Tunasali huku tumeficha kitu: Mungu akichelewa, mganga yupo. Tunasema tunapenda, kumbe tunatafuta kushinda tu.

Ndugu yangu, leo mkibishana nyumbani, na wewe unalo lile neno la kumnyamazisha mwenzako, lile linalouma, limeshafika kwenye ulimi, limeze. Utaonekana mjinga. Kaa hapo hapo na ujinga wako. Baada ya muda atakuja mwenyewe, atasimama mlangoni, atakuuliza kama umekula.