Kalunde na Risasi Zake Tatu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Hamjala nyie? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nimewasikia. Nshoma, vuta mguu wako, moto huu si wako peke yako. Hapo zamani za kale, mama zenu hawajazaliwa, palikuwa na mwindaji mmoja aitwaye Kalunde. Mwindaji huyo alikuwa mwanamke.

"Mwanamke, bibi?"

Mwanamke, ndiyo. Umekuja kusikiliza au kubisha? Baba yake alimwachia bunduki pamoja na ufundi wake, na kijiji kizima kilikula kitoweo kwa mkono wa Kalunde.

Basi mwaka huo ukaja ukame. Visima vikakauka vyote, ikabaki chemchemi moja tu bondeni. Na hapo chemchemini akaja mbogo dume, akajilaza kwenye tope, akasema, "Maji haya yangu!" Akija mwanamke na mtungi, anafukuzwa. Akija mwanamume na mkuki, anafukuzwa. Mkwe wa Kalunde, jina lake Nyamizi, alikuwa amejifungua wiki ileile, na maziwa yakamkauka kwa kiu. Kichanga kikawa kinalia kwa sauti ndogo, kila siku ndogo zaidi. Kalunde akisikia kilio kile, moyo unamuuma.

Akafungua mfuko wake wa ngozi. Lo! Risasi zimebaki tatu tu.

Ya kwanza iliitwa Mbio. Kichwa chake kidogo, chepesi, na koti lake la shaba jembamba kama ganda la kitunguu. Mbili zilizobaki zilikuwa pacha, Kulwa na Doto. Hao vichwa vyao virefu na vizito, na koti lao nene limeshikana barabara na madini laini ya ndani.

Kalunde akapanda kichuguu, hatua mia mbili kutoka kwa mbogo. Akamtoa Mbio, akamuuliza. Semeni nami: "Risasi, risasi, utafika?"

"Risasi, risasi, utafika?"

"Nitafika, mama! Tena kabla hujapepesa jicho!"

Paaa! Mbio akanyooka hewani, akampata mbogo begani. Alifika kweli, hakusema uongo. Lakini ngozi ya mbogo ni nene, ina tope kavu juu na mfupa mkubwa chini. Koti jembamba likachanika, Mbio akavunjika vipande vipande palepale kwenye ngozi. Mbogo akajitikisa kama aliyeumwa na mbung'o, akarudi kulala.

"Masikini Mbio!"

Masikini kweli. Kesho yake Kalunde akarudi kwenye kichuguu kilekile, na Kulwa mkononi. Safari hii akaongeza swali. "Risasi, risasi, utafika? Na ukifika, utafanya nini?"

"Nitafika, mama," akajibu Kulwa kwa sauti nzito. "Na nikifika sitavunjika. Pua yangu itafunguka kama uyoga, koti litanishika nisitawanyike, nami nitaingia mpaka moyoni."

Kalunde akafurahi mno. Akalenga vilevile alivyomlengea Mbio. Paaa! Sasa sikilizeni. Kulwa ni mzito, hana kasi ya Mbio. Njia ilikuwa ndefu, naye akawa anashuka, anashuka, anashuka, akachimba tope mbele ya kwato za mbogo. Mbogo akacheka mpaka masikio yakatikisika.

Kalunde akarudi nyumbani amefura kwa hasira. Akamtazama Doto, akasema, "Pacha wako mwongo."

"Kulwa si mwongo, mama," akasema Doto. "Ulimuuliza kama atafika, ukamuuliza atafanya nini. Hukumuuliza anahitaji nini kwako. Ukampa njia ya Mbio, ukamlengea kama Mbio. Sisi wazito, mbali kule tunashuka."

Aibu ikamshika Kalunde. Kisha akauliza taratibu, "Doto, unahitaji nini kwangu?"

"Njoo karibu. Hatua thelathini, upepo ukupige usoni, asikunuse."

"Thelathini!" Mnaona? Hatua thelathini kwa mbogo, na risasi moja! Kalunde aliogopa, tena sana. Lakini mle ndani kichanga kililia, kwa sauti nyembamba kabisa, na asubuhi yake akashuka bondeni.

Akatambaa kwa tumbo ndani ya matete. Tope puani, miiba magotini. Mbogo akainua kichwa. Kalunde akanong'ona. Nong'oneni nanyi: "Risasi, risasi, utafika?"

"Risasi, risasi, utafika?"

"Umeshanifikisha, mama."

Paaa! Mbogo akainuka, akatembea hatua tatu, akapiga magoti, akalala. Basi.

"Na wakamla, bibi?"

Tumbo lako hilo, Shija! Walimla, na kwanza walimshukuru. Wakati wa kuchuna, Kalunde akamkuta Doto ndani ya moyo, amefunguka kama uyoga. Akampima kiganjani. Uzito ni uleule. "Asante, Doto," akasema. Akaenda kumfukua Kulwa kwenye tope. "Asante, Kulwa. Nisamehe, nilikuita mwongo bure."

Kisha kwenye ngozi ya bega akaona chembechembe za shaba. Ni Mbio. "Mimi usinishukuru, mama," Mbio akasema. "Nilivunjika."

"Hukukosea wewe," Kalunde akasema, na machozi yakamtoka. "Kanga na paa wote waliowalea wanangu, nimeletewa na ndugu zako wepesi. Mimi ndiye niliyekutuma kazi isiyo yako. Asante, Mbio. Asante sana." Akaokota chembe moja moja, hakuacha hata moja, akazifunga kwenye pindo la khanga yake.

Wanawake wakajaa chemchemini kwa vigelegele. Nyamizi akanywa kata tatu bila kupumua. Jua halijazama, maziwa yakarudi. Kichanga kikanyonya, kikanyonya, kikalala mdomo wazi, na Kalunde akakaa karibu yake akikisikiliza kinavyopumua.

Basi wajukuu zangu, mtu akikusaidia, usimuulize tu kama ataweza. Muulize anahitaji nini kwako. Akishindwa, jiulize kwanza ulimtuma wapi. Na asante mpe hata aliyevunjika njiani.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami naiweka chini kwa shukrani, kwa kuwa mmenisikiliza.