Majirani Walivyogawiwa Maina

Niwape, nisiwape?

Tupe, tumekaa!

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na mjane, Bi Mwanahija, mwenye shamba la mtama na mipapai. Mwaka mmoja panzi wakavamia mtama wake. Akasikia kwamba ng'ambo ya mlima yupo ndege anayekula panzi. Akamfuata, akamleta kwa tenga.

Ndege huyo ndiye Maina. Mwili wa kahawia, kichwa cheusi, mdomo wa manjano, miguu ya manjano, na nyuma ya jicho ngozi tupu ya manjano, kama aliyepakwa bizari akakatazwa kunawa. Alitembea uani taratibu, kama mwenye nyumba.

Maina akala panzi, wakaisha. Bi Mwanahija akamshukuru, akamuaga. Maina akaitikia kwaheri, akabaki. Akaleta mke. Wakala mapapai. Kisha wakaingia katika shimo la Kigong'ota, ndege anayetoboa miti, wakayatupa mayai yake chini.

Kigong'ota akaja mlangoni. "Mama, shimo lile nimelitoboa kwa mdomo wangu. Sasa analala mgeni wako."

Bi Mwanahija akawafukuza Maina kwa fimbo, wakahamia darini. Akawafukuza kwa moshi, wakakohoa, wakarudi. Ndipo akapata hila. Akaenda kijiji cha pili kwa Bwana Mshangama, akamsifia ndege wake hadi mwenyewe akaomba apewe. Akapewa Maina na mkewe, akashukuru sana.

Lakini watoto wao walikuwa wamebaki darini. Vijiji viwili vikawa na Maina. Bwana Mshangama naye, mapapai yalipomwishia, akawasifia kwa watu wa kijiji cha tatu. Vikawa vitatu.

Siku moja wakaja wazee wa kijiji cha nne na tenga lao, wakamwomba Bi Mwanahija yule ndege mashuhuri. Bi Mwanahija akalitazama lile tenga. Aliona aibu, lakini akasema:

"Panzi anakula. Kisha anakula mapapai. Kisha anavunja mayai ya mwenzake na kulala pale pale. Kisha haondoki. Hayo nilikuwa nayajua nilipompa Bwana Mshangama."

Wazee wakarudi na tenga tupu. Wakafukuza panzi wao kwa kupiga madebe, na nusu ya mtama ikaliwa. Lakini kwao hadi leo vigong'ota hulala katika mashimo yao wenyewe. Katika vile vijiji vitatu, ukianika mtama, Maina ndiye anayeonja kwanza.

Basi jueni: ukimpa jirani taabu yako ukaiita zawadi, hujaipunguza, umeizalisha.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyesikia ambebee aliyesinzia.