Nyoka Alivyoingia kwa Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale Nyoka alikuwa na miguu. Minne, ndiyo! Na masikio yamesimama wima, na kope ndefu za kupepesa. Alitembea kwa maringo, chap, chap, chap, na binamu yake Kenge nyuma. Ukimwona mmoja, umemwona wa pili.

Nyoka akampenda Siti, binti wa Bi Fuko. Msinitolee macho. Siku hizi nyoka humla fuko, najua, lakini ya leo ni ya leo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na pori zima lilikuwa linakohoa habari hiyo.

Sasa kina Fuko wana ada yao. Bwana harusi huingia mwenyewe kwa mama mkwe kabla jua halijatua. Mlango haupanuliwi, hata kwa ukucha. Akishindwa, harusi imevunjika. Na pembeni pale Nguchiro, naye anamtaka Siti, keshaoga, keshajipaka mafuta, anangoja mwenzake ashindwe.

"Hodi!" Nyoka akaita.

"Karibu, bwana harusi," Bi Fuko akajibu kutoka chini. "Mlango ndio huo."

Mlango gani? Tundu! Nyoka akaingiza kichwa, masikio yakakwama.

"Mama mkwe, nikwangue kidogo tu hapa pembeni?"

"Kakwangue kwenu!"

Kenge akacheka mpaka mkia ukapiga chini, pata, pata. "Binamu, masikio hayo ya kusikilizia umbea yamekuponza!"

Nyoka akayalaza, akasukuma. Kwaruu! Masikio yakabaki mlangoni. Mchanga ukamjaa machoni, akafumba. Kope zikashikana, zikawa kama kioo. Akasukuma tena. Mabega yakagoma. Kichwa ndani, kiwiliwili nje, miguu inapigapiga hewa. Aibu iliyoje! Na jua linashuka.

"Piga teke, binamu!" Kenge akapayuka, akimpigapiga mgongoni. "Panua! Mkweo atajenga tena!"

Nyoka akapiga teke. Gwa! Gwa! Udongo ukaporomoka ndani, puu!

"Mama!" Siti akalia huko chini. "Nafukiwa!"

Nyoka hana masikio, atasikiaje? Lakini taya lilikuwa limelala udongoni. Sauti ikapanda kutoka udongoni, ikapita tayani, ikamshukia moyoni.

Akatulia. Akipiga teke la tatu, ataingia, na bibi harusi atakuwa maiti. Akirudi nyuma, miguu anayo, na Siti ni wa Nguchiro, kama hajafa. Afanyeje?

Akaikunja miguu. Akaibana mbavuni, huu na huu, huu na huu. Akatoa pumzi yote, fyuuu. Pafu moja likanywea, halijanenepa mpaka leo. Akaanza kujinyonga mwili, nyiri, nyiri, nyiri, hata punje ya mchanga isianguke. Giza tupu. Akatoa ulimi, akalamba hewa. Huku kunanukia mama mkwe. Huku kunanukia Siti. Nyiri, nyiri. Akausukuma udongo kwa pua mpaka mkono wa Siti ukatokeza.

Bi Fuko akapiga kigelegele, pori zima likasikia. Nguchiro naye akasikia, akaondoka amenuna. Kununa kwenyewe mnakuona mpaka leo, akutanapo na nyoka.

Wakakaa huko chini. Miguu ikakunjwa, ikakunjwa, ikasahau kazi yake, mwisho ikapotea. Watoto wakazaliwa bila miguu kabisa. Chatu tu alipata vikucha viwili karibu na mkia. Ukimuuliza, anageuka upande.

Siku moja Nyoka akatoka kuota jua. Kenge akamwona.

"Binamu!" Kimya. "Binamu we!" Kimya. Kenge akakanyaga ardhi, ti! ti! Nyoka akageuka, akamkodolea macho yasiyopepesa.

Kenge akalaza kidevu ardhini, sauti ipite chini. "Masalale! Miguu iko wapi?"

"Ingemfukia mke wangu."

"Sasa tutakimbiaje pamoja, kama zamani?"

Nyoka akajaribu kuinua mguu. Hakuna. Akajaribu mwingine. Hakuna. Akainamisha kichwa. Jambo hilo lilimuuma, msidhani halikumuuma.

Taya lilipogusa chini, akawasikia watoto wake. Wanapishana huko ndani, wanacheka, wanagombana. Akageuka, nyiri, nyiri, akateremka tunduni. Hakuna kilichoporomoka. Kenge akabaki nje na miguu yake minne, hana wa kukimbia naye.

Ndani, Bi Fuko hakuuliza nani. "Umerudi, mwanangu?"

Wakubwa na wadogo, nisikilizeni. Nyumba ya watu haibomolewi ili wewe upate kuingia: jipunguze. Lakini jipunguze ukijua, maana kilichopunguka hakioti tena.

Hadithi yangu imeingia tunduni hapo. Mwenye miguu mirefu asiifuate.