Herufi za Njiti

Ukiitazama reli unaweza kuicheka: kipande cha chuma chembamba kimelala chini, hakisemi neno. Lakini garimoshi zima hupita juu yake, na mizigo yake yote. Methali ya reli huwaonya wanaopima nguvu kwa unene, na bingwa wao alikuwa fundi mmoja wa mabango, mtu wa tumbo kubwa na majivuno makubwa zaidi.

Fundi huyo alikuwa akimfundisha kazi mpwa wake, binti mwembamba aliyebandikwa jina la Njiti. Kufundisha kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Kwa miaka mitatu Njiti aliosha brashi, huku akitamani mno kuandika walau bango moja kwa mkono wake.

Siku moja mkunga mkuu wa hospitali ya jirani aliingia karakanani amefura kwa hasira.

“Fundi, jana mama mmoja kajifungulia garini! Dereva kapita langoni kwangu mara mbili, hakuweza kulisoma bango lako.”

Bango lile fundi aliliandika kwa mazoea: herufi nene za mviringo, zenye mikia na vivuli. HOSPITALI ilitanuka ikala nusu ya ubao, na WATOTO wakabanwa pembeni kama nguo sandukuni. Ubao wenyewe haungeweza kurefushwa, kwa kuwa ulikaa kati ya nguzo mbili za lango.

“Keshokutwa nitasimama njia panda bila miwani,” mkunga alisema. “Nisiposoma, natafuta fundi mwingine.”

Fundi akashika kichwa. Njiti akajikaza.

“Mjomba, niachie mimi. Nitaandika herufi nyembamba.”

“Nyembamba kama wewe? Nani ataziona?” Fundi alicheka hadi tumbo likatikisika. “Haya, jaribu. Ukiharibu, utaosha brashi mpaka uzeeke.”

Maneno hayo yalimchoma. Kabla ya kugusa rangi alihesabu: herufi ishirini na tano, nafasi nne. Akaugawa ubao mzima kwa chaki ili kila herufi ipate haki yake. Kisha akazisimamisha wima, ndefu kutoka juu hadi chini, zimebana viuno lakini zina miguu minene, bila mkia wala kivuli. Zilikuwa nyeusi ti juu ya ubao mweupe pe.

Siku ilipofika, wote watatu walisimama njia panda. Mkunga alivua miwani.

“Hospitali ya Wazazi na Watoto,” mkunga alisoma bila hata kukunja uso.

Hapo hapo teksi ikatokea mbio, ikapunguza mwendo, ikakata kona moja kwa moja hadi langoni. Mkunga akakimbia kumpokea mzazi. Njiti alipiga kigelegele katikati ya watu, wala hakuona haya.

Waliporudi karakanani, fundi alikunja mikono ya shati na kuvuta kopo la brashi chafu.

“Mjomba, hiyo si kazi yangu?”

“Ilikuwa,” fundi alijibu, akizamisha brashi kwenye mafuta ya taa. “Kuna bango la shule linakungoja, fundi. Leo naosha mimi.”

Ama kweli, usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita.