Mrutu na Mlango wa Siku Arobaini

Ngano inabisha hodi.
— Ifungulieni.
Imetoka mbali, ina vumbi miguuni.
— Ipeni maji.
Nikisema, ninyi nyamazeni. Nikinyamaza, ninyi semeni.
— Tumenyamaza.

Na ninyi wanaume mlioko upande ule wa moto, msijifanye kusinzia. Leo nasema na ninyi.

Zamani, zamani zile ambazo milima ilikuwa bado haijagawiwa majina, na wanyama walizungumza na watu bila kuona haya, aliishi mchonga mizinga aitwaye Mrutu. Alikata magogo, akayachimba ndani, akayatundika mitini, nyuki wakaingia, naye akarina asali. Nguvu alikuwa nazo. Maarifa alikuwa nayo. Na hasira alikuwa nayo kuliko vyote.

Mrutu na mkewe Nakunda walikaa miaka mitano bila mtoto. Mwaka wa sita Nakunda akajifungua binti. Mrutu alikuwa uani aliposikia kilio cha kwanza, kilio kikali, kama cha mtu aliyedhulumiwa, akacheka peke yake. Akakimbilia mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama Nakiete, mama yake Nakunda, aliyekuja kumuuguza mzazi.

"Rudi nyuma, mwanangu," akasema. "Baba haingii kwa mzazi mpaka arobaini. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tutakavyoacha. Utalala kibandani. Sasa kalete maji."

Mkwe ni mkwe. Mtu hajibizani na mama wa mkewe, wala hamtazami usoni, wala jina lake halitamki. Mrutu akainamisha kichwa, akachukua mtungi, akateremka mtoni.

Akaleta maji, akaambiwa kuni. Akaleta kuni, akaambiwa ndizi. Akaleta ndizi, akaambiwa yale maji yamekwisha. Mzazi hukandwa asubuhi, hukandwa jioni, na maji ya kumkanda hayachemki kwa dua.

Siku ya nane Mrutu akasimama mbele ya mlango, macho chini.

"Mama, nionyeshe mtoto."

"Kitovu hakijaanguka," akasema Nakiete. "Kalete kuni."

Mrutu akaimeza hasira yake kama mtu anayemeza mfupa. Akaenda, huku akinung'unika:

"Maji nimeteka,
kuni nimekata,
mtoto sijamwona."

Siku ya kumi na tano akarudi pale pale.

"Mama, kitovu kimeanguka. Nionyeshe mtoto."

"Unanuka moshi wa kurina, na mtoto ana mafua. Kalete ndizi."

Kutoka ndani Nakunda akasema kwa sauti iliyochoka, "Mume wangu, vumilia."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Akakinyanyua kibuyu cha maji, akakipiga chini, pwaa, kikawa vipande. Nakiete akavitazama vile vipande, kisha akasema, "Basi utaleta kingine." Mrutu akaenda akinung'unika:

"Maji nimeteka,
kuni nimekata,
mtoto sijamwona."

Binti yake akawa anamjua kwa vitambaa tu, vile vilivyofuliwa na kuanikwa juu ya ua. Vikiwa vingi, alisema moyoni, leo amekunywa vizuri. Vikiwa vichache, Mrutu mwenyewe hakula chakula chake kwa wasiwasi. Hebu niambieni, ni mwanamume gani hapa anayemjua mwanawe kwa vitambaa? Kaeni kimya, sikuwauliza ili mjibu.

Siku ya ishirini na tatu ukungu ulishuka mlimani, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa. Mrutu alitoka msituni na mzigo mkubwa wa kuni, mabega yakimchubuka. Kutoka ndani alimsikia mtoto akilia, akalia, akalia. Akasimama mlangoni na mzigo begani.

"Mama, mtoto analia. Nipe nimbembeleze."

"Arobaini haijafika," akasema Nakiete. "Weka kuni, zimebaki vijiti viwili. Kisha kalete maji."

Hapo hasira aliyoimeza mara ya kwanza, na ile iliyobaki baada ya kibuyu, zote zikapanda. Mrutu akauchukua mzigo wake mpaka ukingo wa korongo lililo nyuma ya nyumba, akautupa. Kuni zikabingirika mpaka chini.

"Mimi si punda," akasema. Akatwaa shoka lake, akashika njia ya msituni, wala hakugeuka. Nyuma yake mtoto alikuwa akiendelea kulia.

Njiani akakutana na Fisi.

"Habari za uzazi, kaka?" akasema Fisi. "Mbona umevimba uso?"

Mtu mwenye hasira humweleza hata jiwe. Mrutu akasema yote. Akasema mlango, akasema mkwe, akasema kuni alizotupa.

"Pole sana, kaka," akasema Fisi. "Huo ni uonevu. Na sasa nyumbani yupo nani?"

"Bikizee, mzazi asiyeweza hata kunyoosha mgongo, na mtoto."

"Na moto?"

"Vijiti viwili."

"Pole sana, pole sana," akasema Fisi, na mate yakamdondoka. "Nenda mbali, kaka. Nenda mbali kabisa, wakutafute." Akaingia kwenye ukungu.

Mrutu akaenda mbali. Akafika kwenye mti mnene, mti mzuri wa kutoa mzinga, akainua shoka. Pigo la kwanza lilikuwa la mkwe. Pigo la pili lilikuwa la ile arobaini. Pigo la tatu lilikuwa la nani, hata mwenyewe hakujua.

Kabla hajapiga la nne, kitu kizito kilimpiga kisogoni, ko. Akageuka. Alikuwa Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama pembe, manyoya yamemsimama.

"Nani anaukata mlango wangu?" akauliza Hondohondo.

"Huu ni mti. Mlango uko wapi?"

"Tazama juu."

Mrutu akatazama. Kwenye shina palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, umebaki ufa tu wa kupitisha mdomo.

"Humo yumo mke wangu, na kinda wetu," akasema Hondohondo. "Tumeuziba mlango wasiingie nyoka wala nyani. Mimi niko nje, naleta matunda."

"Kinda wako umemwona?"

"Sijamwona. Namjua kwa sauti."

Mrutu akaliteremsha shoka. "Nawe hukasiriki?"

"Nani kakwambia sikasiriki?" akasema Hondohondo, akamnyanyulia mdomo tena. "Tangu alfajiri nimeruka mara thelathini. Mabawa yananiuma. Nikimpa mke wangu tunda kwenye ufa, ananiambia la jana lilikuwa limeiva zaidi. Nakasirika nikiondoka, nakasirika nikirudi. Hasira yenyewe ndiyo ninayorukia. Ningeitumia kupigia mti, tungekula nini? Na wewe, kwako kuna nini?"

"Nina binti wa siku ishirini na tatu. Nimefungiwa nje. Nimeondoka."

"Umeondoka ukamwachia nani mlango?"

"Bikizee."

"Na nani anajua kwamba yupo bikizee peke yake?"

Mrutu akageuka kuitazama njia aliyojia.

"Nimempita Fisi sasa hivi," akasema Hondohondo. "Alikuwa anashuka kwenye nyumba moja isiyotoa moshi. Na wewe umesimama hapa unanivunjia ya kwangu."

Mrutu akakimbia. Alikasirikia miguu yake kwa kuwa miwili tu. Alikasirikia ukungu. Alikasirikia ulimi wake, ulioichukua nyumba yake na kumkabidhi Fisi njiani kama mtu anayegawa ugoro. Matawi yakamchapa usoni, akaona yanamchelewesha.

Alipokaribia akasikia maneno.

"Bibi, nimekuja kumwona mtoto," alisema Fisi. "Nipishe."

"Sikupishi," akasema Nakiete.

"Bibi, nimemletea zawadi. Nipishe."

"Sikupishi."

"Bibi, umechoka, na moto wako umezimika. Nipishe."

"Baba yake mwenyewe hajaingia," akasema Nakiete, "ndiyo uingie wewe?"

Mrutu alilisikia neno hilo, nalo likampata mahali ambapo mdomo wa Hondohondo haukufika.

Nakiete alikuwa amesimama mlangoni na mchi wa kutwangia, miguu yake imetanuka. Akampiga Fisi pajani. Akampiga tena ubavuni. Mara ya tatu Fisi akaudaka mkono wake wa kulia kwa meno, na mchi ukaanguka. Hata hapo yule mama hakutoka mlangoni. Aliuziba kwa mwili wake.

Mrutu hakupiga kelele. Alimshukia Fisi na shoka, akamkata kiunoni kwa nyuma, na Fisi akauachia mkono, akaburuta makalio yake mpaka kwenye ukungu, akilia ile sauti yake ambayo watu husema ni kicheko. Mrutu akamfuata hatua kumi, akataka kummaliza. Kisha akasimama. Alikumbuka jinsi mtu anavyoiacha nyumba kwa kufuata hasira yake, akarudi.

Sasa msitegemee kwamba alipokewa kwa vigelegele.

Nakunda alitoka, amejikunja, kifua kimelowa maziwa. Mkono mmoja alikuwa na mtoto, mkono wa pili alikuwa na jiwe la figa. Fisi angempita mama, angekutana na lile jiwe. Akamtazama mumewe.

"Kuni ziko wapi?" akauliza.

"Nimezitupa korongoni."

"Mama yangu anataka maji ya moto aoshwe kidonda. Mimi sijakandwa tangu asubuhi. Mtoto analia kwa baridi, si kwa njaa." Alisema polepole, kila neno akiliweka mahali pake. "Ulikasirika. Mimi nimechanika, nimekaa gizani siku ishirini na tatu, na kila anayekuja ananiambia vumilia, mpaka nami nikakwambia wewe neno hilo hilo, maana sina lingine. Wewe uliitia hasira yako begani pamoja na shoka, ukaondoka. Ya kwangu mimi niende nayo wapi?"

Mrutu akaliweka shoka chini. Ninyi mnalo jibu? Basi.

Nakunda akaliacha jiwe. "Shika mtoto," akasema. "Nimfunge mama mkono."

Kutoka pale chini alipokuwa ameketi, damu ikimtiririka, Nakiete akasema, "Arobaini haijafika."

"Mama," akasema Nakunda, "nyamaza."

Hakuwa amewahi kumwambia mama yake neno hilo tangu azaliwe. Nakiete akanyamaza.

Mrutu akampokea binti yake. Alidhani siku hiyo moyo wake utafurahi. Lakini yule mtoto alikuwa mwekundu, amekunja ngumi mbili, amekunja uso, anamfokea kwa nguvu zake zote. Mrutu akaitambua ile sura. Ilikuwa ni yake mwenyewe. Kisha mtoto akamkojolea mpaka kwenye magoti.

"Shika shingo," akasema Nakiete huku akigumia kwa maumivu. "Shingo, si kichwa."

Mrutu akashika shingo. Akamfunga mtoto kifuani kwa kaniki ya mamaye, akashuka korongoni, akaokota kuni moja moja, miiba ikimchoma, mtoto akimpigia kelele sikioni. Hasira haikuwa imemtoka. Alipanda nayo mpaka juu na mzigo mgongoni, akawasha moto, akachemsha maji. Mtoto akalala alipopata joto. Mrutu hakuthubutu hata kukohoa.

Tangu siku hiyo ndiye aliyechemsha maji ya kumkanda mkewe, na vitambaa akavifua mwenyewe, maana mama mkwe alikuwa na mkono mmoja. Wakapendana, yeye na mkwewe? Hawakupendana. Walibishana kuhusu shingo, kuhusu uji, kuhusu moshi. Lakini walibishana ndani, mlango ukiwa wazi, na Mrutu akijibu huku ametazama pembeni, kwa adabu.

Siku ya arobaini majirani wakaja, ndizi zikapikwa, mtoto akatolewa nje. Wakamuuliza Mrutu jina la binti yake.

"Nakiete," akasema.

Watu wakashusha macho, maana lile ni jina ambalo kinywa chake kilikuwa hakiruhusiwi kulitamka. Bikizee akamgeukia mkwewe, mkono wake ukiwa umefungwa vijiti.

"Haya," akasema. "Ni jina zuri."

Naye Mrutu akapata ruhusa ya maisha. Kila asubuhi majirani walimsikia akisema kwa sauti, "Nakiete, nyamaza. Nakiete, umenichosha. Nakiete, acha kelele." Na bikizee akiwa ameketi pale pale, hakuweza kusema ametukanwa.

Hasira ni moto. Mwenye akili huuwasha jikoni, mjinga huuwasha kwenye paa la nyumba yake. Na ninyi akina mama mnaocheka huko nyuma, nanyi sikieni: mkimfungia baba mlango, msishangae akiisahau njia yake.

Ngano imekunywa maji, imevaa viatu, imekwenda zake. Mimi niliyewaletea nilialikwa arobaini ile, nikachelewa, nikakuta vyungu vimesuguliwa kwa majivu. Nina hasira mpaka leo, na ndiyo niliyotambia ngano hii.